Nchi za Jirani: Daftari la Majina Wakati wa Maafa

Mwezi Machi mwaka 2023 kimbunga Freddy, ambacho kilikuwa kimekwisha kuipiga Msumbiji mara moja mwezi Februari, kilirudi tena nchini humo na kumwaga mvua isiyo ya kawaida kusini mwa Malawi. Mjini Blantyre matope na mawe yaliporomoka kutoka mlimani na kufunika makazi ya watu katika vitongoji vya Chilobwe na Ndirande. Mamia ya wananchi walipoteza maisha, na tarehe 13 Machi serikali ya Malawi ilitangaza hali ya maafa kusini mwa nchi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha baadaye kwamba kimbunga hicho kilidumu siku 36, muda mrefu kuliko wa kimbunga kingine chochote cha tropiki kilichowahi kuandikwa.

Katika mji huo huo wa Blantyre ndiko yaliko makao ya taasisi iliyokabidhiwa daftari la majina yote ya intaneti yanayoishia na herufi .mw, yaani majina ya Malawi. Siku zile hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuifikiria taasisi hiyo. Watu walikuwa wakifukua udongo kwa majembe na kwa mikono wakitafuta ndugu zao, na hiyo ndiyo kazi iliyostahili kutangulia. Hata hivyo, maafa yakishapita, kila serikali hukaa na kuorodhesha mambo ambayo taifa haliwezi kukubali yapotee: maji, umeme, barabara, hospitali, hazina. Daftari la majina ya intaneti mara nyingi halimo katika orodha hiyo. Yafaa kueleza kwa nini lastahili kuwamo, na ni masharti gani ambayo mwenye kulishika anapaswa kuwekewa.

Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti hutambuliwa kwa namba, si kwa jina. Namba hizo ni ndefu, tena hubadilika mashine zinapohamishwa; kwa hiyo tangu miaka ya 1980 watu wametumia majina, na kompyuta maalumu zikafanya kazi ya kugeuza jina kuwa namba. Jina la namna hiyo wataalamu huliita jina la kikoa. Mvuvi wa Mafia akiandika katika simu yake anwani ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ni meteo.go.tz, simu yenyewe haijui iende wapi. Huiuliza kompyuta ya kampuni yake ya mawasiliano. Nayo, kama haina jibu, huanzia juu kabisa, katika mzizi wa majina yote ya dunia, na kuuliza ni nani mwenye habari za .tz. Mzizi hujibu kwa kutaja kompyuta chache ambazo mafundi huziita seva za majina. Mojawapo ya hizo huonyesha hatua inayofuata, na hivyo hatua kwa hatua namba hupatikana. Safari yote hiyo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mwendeshaji wa kikoa cha nchi ndiye mwenye daftari hilo la .tz, la .mw, la .ke au la .mz. Huandikisha majina mapya, hutunza kumbukumbu ya nani mwenye jina lipi, na huendesha zile seva zinazoijibu dunia nzima usiku na mchana. Kazi yenyewe haionekani na haina sifa. Ofisi ikiwa na watu kumi na vyumba vitatu yaweza kuitekeleza vizuri kabisa. Lakini kazi hiyo ikisimama, kila kinachoitegemea husimama pamoja nayo.

Maana yake ieleweke barabara. Seva zote za .mw zikinyamaza, tovuti ya wizara huko Lilongwe haitakuwa imeharibika. Mashine yake yaweza kuwa inafanya kazi, umeme upo, na mafundi wako mezani. Ni kama nyumba iliyosimama imara, mlango wazi na taa zikiwaka, ila mtaa mzima umesahau iko wapi. Barua za kompyuta hazifiki, kwa sababu nazo hutafuta njia kwa jina. Malipo yanayopita katika mifumo ya serikali hukwama. Kwa muda wa saa chache, pengine siku moja au mbili, watu hawatagundua jambo, kwa kuwa kompyuta za kampuni za mawasiliano hukumbuka majibu ya zamani. Kisha kumbukumbu hizo hufutika moja baada ya nyingine, na majina ya nchi hutoweka machoni mwa watu, huyu leo na yule kesho, bila mtu kufahamu kwa haraka chanzo ni nini.

Jambo linalofanya suala hili liwe zito katika nchi za ukanda huu ni kwamba tahadhari za maafa zenyewe hutolewa kwa majina hayo hayo. Idara ya hali ya hewa ya Kenya hutumia meteo.go.ke, na ile ya Tanzania hutumia meteo.go.tz. Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, taarifa zilitolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Redio ingali mhimili wa kazi hiyo vijijini. Lakini ofisa wa wilaya, nahodha wa bandarini, mwandishi wa habari na mtangazaji wa redio mwenyewe hupata taarifa hizo kwa intaneti kabla ya kuzipeleka mbele. Kikoa cha nchi kikizimika saa ile ambayo upepo unakaribia, mnyororo huo wa tahadhari hukatika katika pingili yake ya kwanza.

Kanuni ya msingi ya kujikinga haina ugeni wowote. Mwezi Julai 1997 wahandisi wa intaneti walitoa waraka wa ushauri kuhusu uteuzi wa seva za akiba. Waraka huo ulisema kwamba seva zinazojibu kwa ajili ya kikoa kimoja zisiwekwe katika chumba kimoja, wala katika mtandao mmoja, bali zitawanywe katika maeneo yaliyo mbalimbali kijiografia. Ushauri huo ulikuwa umechapishwa kwa zaidi ya miaka 3 wakati kampuni tajiri ya Microsoft ilipoupuuza. Seva zake 4 za majina zilikuwa zote nyuma ya kifaa kimoja cha kuelekeza mawasiliano. Mwezi Januari 2001 kosa lilifanyika katika mpangilio wa kifaa hicho, na tovuti za kampuni hiyo zikapotea kwa sehemu kubwa ya dunia kwa karibu siku nzima. Hapakuwa na tetemeko wala mafuriko. Ikiwa kampuni yenye fedha kiasi hicho yaweza kuweka mayai yote katika tenga moja, si haki kudhani kwamba ofisi ndogo ya nchi maskini itafanya vingine kwa hiari yake tu bila kuwekewa sharti.

Huko Haiti, tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010 lilibomoa mji mkuu wa Port-au-Prince. Majengo ya serikali yalianguka na mkongo wa baharini uliokuwa ukiingia mjini humo ukaharibika. Walakini majina ya .ht yaliendelea kujibiwa, kwa sababu baadhi ya seva zake zilikuwa nje ya nchi, mbali na vumbi lile. Katika siku ambazo madaktari na mashirika ya misaada walikuwa wakitafutana kwa barua za kompyuta, hilo halikuwa jambo dogo. Vivyo hivyo, volkeno ililipuka baharini karibu na Tonga tarehe 15 Januari 2022 na kuukata mkongo pekee wa nchi hiyo kwenda ng'ambo, na kisiwa kikuu kikakaa takriban wiki 5 bila mkongo huo. Majina ya .to, ambayo hutumiwa na watu wengi wasioweza hata kuionyesha Tonga katika ramani, hayakutetereka, kwa kuwa huendeshwa kutoka Marekani. Lakini hiyo ilikuwa faraja ya wageni. Watonga wenyewe walikuwa wamekatwa.

Mifano hiyo miwili yaweza kumfanya mtu aseme kwamba dawa ni kuweka seva zote nje ya nchi. La hasha. Hapo ndipo penye kosa la pili, ambalo ni la hatari zaidi kwa Afrika ya Mashariki. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika bahari kati ya Afrika Kusini na Msumbiji. Tanzania, Msumbiji, Malawi, Kenya na nchi nyingine za ukanda zilipata matatizo kwa wakati mmoja. Katika hali kama hiyo mawasiliano ya ndani ya nchi yaweza kuendelea: benki ya Mbeya yaweza kuzungumza na makao yake Dar es Salaam kwa mkongo wa nchi kavu. Lakini kama seva zote za kikoa cha taifa ziko London au Amsterdam, kompyuta ya Mbeya italazimika kuvuka bahari kuuliza njia ya kwenda Dar es Salaam. Bahari ikifungwa, wananchi wa nchi moja hawataonana ingawa barabara kati yao iko wazi.

Kwa hiyo sharti la kwanza lina pande mbili ambazo hazitenganishwi. Ziwepo seva ndani ya nchi, katika miji isiyopungua miwili, na ikiwezekana katika vituo ambako kampuni za mawasiliano hukutana na kubadilishana mawasiliano ya ndani. Ziwepo pia nje ya nchi, katika mabara mbalimbali. Utaalamu wa leo huwezesha seva nyingi zilizotawanyika duniani kutumia anwani moja, na muulizaji akajibiwa na iliyo karibu naye. Shirika lisilo la faida la Packet Clearing House limekuwa likitoa huduma ya namna hiyo kwa vikoa vya nchi nyingi bila malipo. Hoja kwamba jambo hilo ni ghali haina nguvu kama inavyosemwa.

Hata hivyo nakala za nje hazina maisha ya milele, na hili ni jambo ambalo hata baadhi ya watu wa kazi hiyo hulisahau. Kila seva ya akiba hupewa amri: kama hujasikia habari kutoka kwa seva mama kwa muda fulani, acha kujibu. Muda unaoshauriwa ni kati ya wiki 2 na 4. Aidha, vikoa vingi siku hizi hutiwa sahihi za siri za kompyuta ili majibu yasighushiwe, na sahihi hizo nazo huisha muda wake, kwa kawaida katika siku au wiki chache. Ofisi mama ikifunikwa na matope, au mwenye funguo za kutia sahihi akiwa miongoni mwa waliopotea, nakala zilizoko Ulaya zitajibu vizuri kwa siku kadhaa. Kisha zitaanza kukataliwa kana kwamba ni za kughushi. Kwa hiyo haitoshi kutawanya majibu. Ni lazima pawe na mahali pa pili ambapo daftari lenyewe laweza kufunguliwa, kuandikwa na kutiwa sahihi, na pawe na watu zaidi ya mmoja wenye mamlaka na ujuzi wa kufanya hivyo.

Kwa upande mmoja wa intaneti masharti ya namna hiyo yamekwisha kuandikwa kwa ukali. Shirika la ICANN, lenye makao yake California, lilifungua mlango wa vikoa vipya vya jumla mwaka 2012, na kila aliyepewa kikoa alitia sahihi mkataba. Kwa mujibu wa mkataba huo, huduma ya kujibu majina haitakiwi kukatika hata dakika moja katika mwezi. Ikikatika kwa jumla ya saa 4 katika wiki moja, hiyo ni hali ya dharura, na mwendeshaji aweza kunyang'anywa kazi kwa muda. Huduma ya kuandikisha majina na ile ya kuonyesha kumbukumbu za wenye majina zimepewa nafasi kubwa kidogo, yaani saa 24 katika wiki. Kila Jumapili mwendeshaji hupeleka nakala nzima ya daftari, ikiwa imefungwa kwa siri, kwa mtunza amana asiye na uhusiano naye, na siku nyingine 6 hupeleka mabadiliko ya siku hiyo. Waombaji wa mwaka 2012 walitakiwa pia kuweka dhamana ya fedha ya kulipia kazi za lazima kwa miaka 3 endapo wangeanguka. Na mara moja kila mwaka, kwa uchache, mwendeshaji hutakiwa kufanya zoezi la kujaribu kama mpango wake wa dharura unafanya kazi kweli.

Sharti hili la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi katika shughuli za umma, na Kenya ina mfano unaouma. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi, jenereta lililokuwa limewekwa kwa ajili ya usiku kama ule lilishindwa kuwaka, na abiria wakakaa gizani. Jenereta lilikuwapo, hata katika vitabu vya hesabu lilihesabiwa. Mpango wa dharura ambao haujajaribiwa ni karatasi tu, na waziri alilazimika kuwaomba radhi wananchi kwa sababu ya karatasi hiyo.

Mkataba huo wa ICANN umewahi kutumika kwa vitendo. Mwezi Desemba 2017 mwendeshaji wa kikoa cha .wed, kilichokusudiwa kwa mambo ya harusi, alishindwa kutimiza wajibu wake. ICANN ikakikabidhi kwa muda kwa shirika la Nominet la Uingereza, mojawapo ya mashirika yaliyoteuliwa mapema kuwa waendeshaji wa dharura. Daftari lilitolewa katika amana na majina yakaendelea kujibiwa. Walioathirika walikuwa wachache, wala dunia haikusimama. Lakini utaratibu ulidhihirika kuwa wawezekana: mrithi aliyejulikana kabla ya msiba, nakala iliyokuwa mkononi mwa mtu wa tatu, na amri isiyohitaji kubembelezana.

Barani Afrika kikoa cha .africa, kilichofunguliwa mwaka 2017 na kinachoendeshwa na shirika la Afrika Kusini, kimo chini ya mkataba wa namna hiyo. Huenda msikilizaji akadhani basi kwamba na .mw, .mz, .ke, .ug na .tz navyo vimo. Havimo. Vikoa vya nchi viligawiwa zamani, vingi katika miaka ya mwanzo ya 1990, kwa kuaminiana. Waraka wa mwaka 1994 ulioandikwa na Jon Postel, aliyekuwa msimamizi wa ugawaji huo, ulisema kwamba mshika kikoa ni mdhamini kwa niaba ya jamii yake na ana wajibu wa kuitumikia. Hayo ni maneno ya heshima, na bado yana nguvu ya kimaadili. Lakini hayasemi saa 4, wala hayasemi Jumapili. Kanuni za mzizi hutaka tu seva zisizopungua 2 zilizo katika mitandao tofauti. Kutoka hapo na kuendelea, kila nchi imeachiwa yake.

Matokeo yake ni kwamba kampuni iliyosajili kikoa cha kuuzia mavazi ya harusi iliwekewa masharti makali kuliko daftari linalobeba hazina, mahakama na hospitali za taifa zima. Jambo hilo ni kinyume cha akili. Sababu yake ya kihistoria yaeleweka, na ni sababu njema: nchi hazikutaka shirika lililoandikishwa California lipate mamlaka juu ya majina yao. Lakini kukataa kuamriwa na mtu wa nje ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujiamrisha mwenyewe, na hiyo katika nchi nyingi haijafanywa ikakamilika.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeifanya. Amri yao ya mwaka 2022 kuhusu usalama wa mitandao imewahesabu waendeshaji wa vikoa vya juu, pamoja na watoaji wa huduma za majina, kuwa watumishi wa mambo ya lazima, sawa na wenye umeme na maji. Hutakiwa wawe na nakala rudufu, mpango wa kurejesha huduma baada ya maafa na utaratibu wa kuongoza wakati wa dharura. Likitokea jambo kubwa, tahadhari ya kwanza itolewe ndani ya saa 24, taarifa kamili zaidi ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja. Kanuni za utekelezaji zilitolewa tarehe 17 Oktoba 2024. Faini zake ni kubwa. Si lazima kila kifungu kinakiliwe, kwani sheria iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi zenye mawakili wengi yaweza kuiua ofisi ndogo kwa makaratasi kabla ya mafuriko kuifikia. Kinachostahili kuigwa ni ile hatua ya kwanza, ya kulitaja daftari la majina kwa jina lake katika sheria ya maafa.

Katika ukanda huu hali ni mchanganyiko. Nchini Kenya, kituo cha KENIC hushika .ke, na kanuni za mwaka 2010 ziliweka usimamizi wa majina hayo chini ya mamlaka ya mawasiliano kwa njia ya leseni. Nchini Uganda kikoa cha .ug kimekuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Msumbiji iliikabidhi .mz kwa kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, nchi ambayo mwezi Machi 2019 iliuona mji wake wa Beira ukikatwa mawasiliano na kimbunga Idai, na wiki 6 tu baadaye ikapigwa tena kaskazini na kimbunga Kenneth. Malawi ina taasisi yake ya Blantyre, katika nchi ambako dhoruba Ana ya Januari 2022 iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira na kuondoa kiasi cha megawati 130 katika gridi dogo la taifa. Nchini Tanzania majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye kikoa aweza kuwa chuo, kampuni au idara. Hilo si tatizo. Sharti laweza kuwa moja kwa wote, maana mafuriko hayaulizi hati ya usajili.

Kuna pingamizi linalotolewa kwa jina la uhuru wa taifa, nalo halifai kudharauliwa. Kwa miaka mingi baadhi ya vikoa vya Afrika viliendeshwa na watu wa Ulaya na Marekani. Rwanda iliirejesha .rw nyumbani mwaka 2012, na wananchi wake walikuwa na haki ya kujivunia. Baada ya jitihada kama hizo, mtu akiambiwa apeleke nakala ya daftari nje ya mipaka, huona kama anarudishwa alikotoka. Lakini mamlaka juu ya daftari na mahali pa kuweka nakala yake ni mambo mawili. Nakala iliyofungwa kwa siri, ambayo ufunguo wake uko kwa serikali au kwa mahakama ya nchi yenyewe, haimpi mtunzaji mamlaka yoyote. Sheria za kulinda taarifa binafsi, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, nazo zaweza kuheshimiwa kwa njia hiyo. Kujitegemea hakukuwa na maana ya kuhifadhi mbegu zote za kijiji katika ghala moja lililo bondeni.

Isitoshe, mtunza nakala si lazima awe Ulaya. Blantyre, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali zaweza kutunziana nakala na kutunziana seva, kila mmoja kwa mwenzake, kwa makubaliano ya maandishi na bila fedha nyingi kupita mikononi. Mafundi wa nchi hizo wanafahamiana, hukutana katika umoja wao wa waendeshaji wa vikoa wa Afrika, na lugha yao ya kazi ni moja. Ila jirani peke yake hatoshi. Mkasa wa mikongo wa Mei 2024 uliwapata majirani wote kwa pamoja, na kimbunga kimoja kiliweza kuzigusa Madagaska, Msumbiji na Malawi kwa safari moja. Nakala moja kwa jirani, na nyingine ng'ambo ya bahari tofauti, ndiyo hesabu inayotosha.

Gharama kubwa zaidi katika masharti haya si mashine, ni nidhamu. Mtu lazima apeleke nakala kila siku hata siku ambazo hakuna kilichoharibika. Mtu lazima azime seva mama kwa makusudi mara moja kwa mwaka, mchana, wakubwa wakiangalia, ili ionekane kama seva ya pili itashika kazi. Zoezi hilo huaibisha, kwa sababu mara ya kwanza karibu kila mara kitu hushindwa: nywila imepotea, fundi aliyejua amehama, mafuta ya jenereta hayamo. Ni afadhali aibu hiyo ipatikane siku ya jua. Na mamlaka inayosimamia ipewe uwezo wa kudai ripoti ya zoezi hilo na kuitangaza, kwa kuwa ripoti inayobaki kabatini hailindi mtu.

Msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi huanza mwezi Novemba na huendelea hadi Aprili. Kuandika kanuni ya kurasa chache inayotaja amana ya kila siku, seva ndani na nje, mrithi aliyeteuliwa na zoezi la mwaka hakuhitaji muda mrefu kuliko miezi iliyobaki kati ya msimu mmoja na mwingine, na zoezi la kwanza laweza kufanyika hata kabla kanuni yenyewe haijatiwa sahihi.